Usithubutu Nini?

Mwaka huo wa sabini na nne, ukitaka kujua jambo lolote Lushoto hukuenda ofisini, ulikwenda kwenye benchi la Mama Raheli, ubavuni mwa soko. Kama ulichokipata kilikuwa kweli, hilo ni jambo lingine. Kahawa ya moto uliipata, kashata uliipata, na kila Jumanne saa kumi ulipata redio ya kijiji, ambayo Nikodemo, aliyekabidhiwa kuitunza, aliitundika msumarini akakaa chini yake kama baba mwenye nyumba. Ila Jumanne hiyo Mama Raheli alikuwa na lake moyoni. Wiki iliyopita mtaalamu alisema redioni: “Mkulima, ukiona viazi vinanyauka ilhali mvua ipo, usithubutu...” Hapo benchi zima likalipuka kwa ubishi, neno likapotea. Usithubutu nini? Nusu ya viazi vyake ilikuwa imenyauka. Mbegu alizookoa zilikuwa kwenye gunia chini ya benchi, na kesho asubuhi ndiyo alikuwa anapanda.

Nikodemo, waliyemwita Waziri kwa kupenda barua zenye mhuri, alikunjua moja.

— Ndugu zangu, tulieni. Leo, kabla ya kipindi, anakuja mwandaaji wa vipindi kutoka Dar. Anataka ushauri wetu, kipindi cha kilimo kifanyweje kisikilizwe na watu wengi zaidi.

— Alikuwa wapi siku zote! akadakia Tobia, ambaye kwa sauti yake walimwita Kipaza. — Wampe mtangazaji wa mpira. Kabichi inachomoza! Inapanda! Inapandaaa! Nchi nzima itasimama.

— Kabichi inachukua miezi mitatu, mgoshi, akasema Waziri.

— Basi watasimama miezi mitatu!

Salimu akacheka kwa dharau. Huyu alifanya kazi wiki mbili kwenye mashamba ya chai kule Amani, na tangu hapo anaitwa Meneja.

— Watu hawataki mbolea, wanataka kuogopa. Mtaalamu aseme kuna chui shambani. Chui anasogea. Chui anaruka! Halafu akate hapo hapo, mpaka Jumanne.

— Na matuta atayafundisha saa ngapi? akauliza Waziri.

— Chui kalala juu ya tuta! Ukishaeleza alivyolala, si umeshaeleza tuta?

— Jamani, akasema Mama Raheli, wiki ile alisema tusithubutu nini?

— Ngoja kwanza, mama, tunajenga taifa hapa.

Mama Raheli akasonya, akamimina kahawa.

— Mimi nitamwambia, akasema Waziri, kila mlima ufungwe kipaza sauti. Vuga ipige, Shume iitikie. Asikie hata asiyetaka.

— Gharama hiyo! akapinga Meneja. — Redio zifungwe ng'ombe shingoni. Ng'ombe anapita kila shamba.

— Akiinama kunywa maji?

— Atatangaza habari za samaki!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Katikati ya kicheko akafika binti mmoja, raba zake zimejaa tope, kikapu begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakajibu bila kumtazama. Kipaza akamwambia asogee mwisho kabisa, maana kuna mtu mzito anakuja. Binti akasogea, akanywa kahawa yake taratibu.

— Samahani, baba zangu. Kipindi cha Jumanne iliyopita kilihusu nini?

Waziri akaitazama barua yake.

— Kilimo, akasema Waziri.

— Kilimo cha nini?

— Cha... kisasa.

Meneja akachungulia kikombe chake. Kipaza akakohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo.

— Viazi! akasema Mama Raheli. — Viazi kunyauka! Nusu nimesikia, nusu wamenilia hawa!

Binti akaweka kikombe chini.

— Naitwa Secilia, mama. Mimi ndiye mwandaaji wa kipindi.

Waziri aliinuka kwa heshima, akagonga kichwa kwenye redio yake mwenyewe. Mama Raheli hakuwa na muda naye.

— Mwanangu, alisema tusithubutu nini?

— Usithubutu kupanda mbegu zilizotoka shamba hilo, hata kama zinaonekana nzima. Ugonjwa umo ndani. Hapo upande mahindi kwanza, na viazi utafute mbegu kwingine.

Mama Raheli akalitazama gunia. Meneja alikuwa amelikanyaga kwa miguu yote miwili. Mama Raheli alishukuru moyoni, na papo hapo hasira ikampanda. Siku moja tu ilibaki! Angepanda ugonjwa kwa mikono yake, huku hawa wakifuga chui.

— Sasa wewe unaonaje, mama? Tuwafikieje wengi?

— Saa kumi wenye majembe tuko bondeni. Mimi niko hapa kwa ajili ya kahawa, na bado sisikii. Rusheni saa moja jioni, tukiwa jikoni. Akanyoosha mkono, akaitungua redio msumarini, akaitundika begani. — Na hii inakwenda kulala jikoni kwangu. Jirani zangu watakuja kusikiliza huko.

— Mama, akaanza Waziri, kuna utaratibu, kuna barua...

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Raheli, akainua birika kwa mikono miwili maana lilikuwa bado limejaa.