Mashine Isiyosamehe Hata Nukta

Mniwie radhi mapema, kisa hiki kinataka msimulizi mwenye ulimi uliotulia, na aliyepatikana ndiye huyu. Basi, pale kwenye benchi la kahawa, ubavuni mwa kinyozi, Kompyuta, kijana tuliyembandika jina hilo kwa kazi yake, alikuwa amekunja uso kama kameza ndimu na mbegu zake. Ametengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuuzia tiketi, na tangu asubuhi mashine ya majaribio inaukataa. Kazi ya mashine hiyo ni kupiga picha ya ukurasa na kuilinganisha na picha ya mfano, nukta kwa nukta, zile chembe ndogo zinazounda picha kwenye kioo. Zikitofautiana, jibu jekundu. Na bosi kashasema: ukurasa usipopita leo, kazi anapewa mwingine.

— Tofauti yenyewe iko wapi? akauliza Kinyozi.

— Kwenye kingo za herufi. Kivuli tu, kwa macho huioni.

— Kama siioni, haipo.

Mama Birika, mwenye kahawa, alishikilia kwamba mashine ina kijicho. Kinyozi akapanda dau: hiyo inautaka mshahara wa Kompyuta, na ikishaupata itataka na mke. Kompyuta akacheka bila kupenda, akaeleza kwamba kuna mahali pa kuiambia mashine isamehe nukta ngapi. Yeye ameweka kumi.

— Kumi? Mama Birika akaweka birika chini. Huruma unayo mfukoni, mwanangu, na unaibania?

Kompyuta akaandika elfu tano. Akabonyeza. Kijani.

Benchi zima likasimama. Bosi akapiga simu kusifu, akaufungulia umma ukurasa papo hapo. Kompyuta akawaagizia watu wote kahawa, akatembea mbele ya benchi kifua mbele kama bwana harusi, akitangaza kuwa leo mashine imemjua mwanamume.

Ndipo akatokea mteja wa Kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, shuka shingoni, simu mkononi.

— Kinyozi, nakusubiri. Lakini kwanza, huu ukurasa wenu mpya, nabonyeza wapi kununua?

Vichwa vinne vikainamia simu. Wakapandisha, wakashusha. Kitufe cha kununulia hakuna. Katika kuhangaika na zile herufi, Kompyuta alikuwa amekisukuma nje ya ukurasa. Kitufe kidogo, hakifiki nukta elfu nne.

— Mashine haikuona kwamba kimetoweka? akauliza Mama Birika.

Kompyuta akaketi.

— Iliona, mama. Mimi ndiye niliyeiambia isamehe.