Uvimbe Mpole

Kwenye gari la kutoka Kinole, mzee aliyekaa mbele yangu alimwonyesha jirani yake, mama muuza mdalasini, barua ya rufaa ya Dar. Miaka miwili ametibiwa pumu, kumbe ana uvimbe kwenye njia ya hewa. Kamera iliyopitishwa kooni ndiyo iliyouona, na Dar ndiko utakakotolewa.

"Daktari kasema si saratani, ni uvimbe mpole," alisema mzee. "Sasa mpole unamtoa kwa nini?"

"Baba, mpole huyo kakaa mlangoni. Hewa ipite wapi?"

"Mbona hajanigombeza."

"Anapiga filimbi kifuani mwako, gari zima tunamsikia."

Mimi nilidhani ni dirisha.

Tukasimama stendi ya Msamvu, kwenye mabasi ya kwenda Dar. Mzee akamkabidhi mama begi lake. "Nibebee, lakini sijakubali."