Papa Apollinaire na Mlango wa Maternite

Mnisamehe kwa kuchelewa. Biro, yaani ofisi yetu, ilinipa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga Papa tangu mwezi wa nne, lakini mutoto wangu aliugua, na tena, niseme ukweli, sikutaka kuyaandika.

Tarehe 30 mwezi wa sita, Papa Apollinaire Bisimwa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika biro yetu ya ujenzi, hapa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kuchukua masharti ya ujenzi yaliyoandikwa, kurasa kumi, kurasa ishirini, na kuyageuza kuwa mchoro ambao fundi, masista na maman muuza samaki wa sambaza wote wanauelewa.

Mwaka mmoja alikuwa amelazwa, mafundi wakaenda Luberizi kujenga maternite, nyumba ya kujifungulia, na maandishi tu, bila mchoro. Yalisema mlango wa maternite uwe wa mita moja. Ukawa wa mita moja. Hayakusema unafungukia wapi. Ulifungukia ndani, ukagonga kitanda, machela haikupita, na mama wa kwanza aliyeletwa kwa machela alijifungulia nje, kwenye mvua. Mtoto hakuishi. Tangu hapo Papa Apollinaire huchora watu wawili wenye machela katika kila plani, hata ya choo. Tulimtania: "Papa, hata chooni wanaingia wote?" Naye: "Mucheke tu. Mugonjwa iko napita wapi?"

Miaka hii miwili alinifundisha kwa njia yake: mimi nasoma masharti kwa sauti, mutoto mgongoni, yeye amefumba macho. Tuliona ni ustadi. Mwezi wa pili nilimpa karatasi tupu kwa kukosea, badala ya mchoro wangu. Akaishika, akanisifu kwamba mistari imenyooka. Ndipo nikajua macho yamekwisha. Nilichukua karatasi, nikamsomea ukurasa uliofuata, naye alijua kwamba ninajua.

Ndiyo sababu anaondoka. Jumatatu ijayo mafundi wanaanza maternite ya Kamanyola. Masharti ni kurasa kumi na nne, na wa kuchora ni mimi.

Papa, aksanti kwa kunivumilia. Sisi wote wa biro tunakuombea siku za utulivu nyumbani, na mke wako, Maman Eulalie, akusomee polepole. Lakini bado hatujakuachilia. Kabla ya Jumatatu nitumie: rula yako ya pembe tatu, daftari la kijani lenye alama zako za kuchorea, na mchoro wa ukurasa wa tisa wa masharti ya Kamanyola, ule wa mlango, ulioubeba nyumbani ukisema utaumaliza. Kama mistari imepinda, tuma vilevile. Nataka kuona mlango uliufungulia wapi.