Doña Herlinda, Aliyekataa Kushika Kipaza Sauti

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutukusanya, kututuma na kutunyima majibu, Doña Herlinda Zamarripa, mratibu wa Umoja wa Majirani wa Parokia ya Mtakatifu Rita, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Tunamshukuru Mungu. Magoti yake yanamshukuru zaidi, maana yalianza kuomba ruhusa mapema kuliko yeye.

Alikuja kwetu, huku magharibi mwa San Antonio, baada ya kiwanda cha suruali alichokuwa akishonea kufungwa. Padri wa wakati ule alimwajiri awaamshe majirani. Tulitegemea makelele, kumbe mwenzetu alikuja kutuamsha kwa kunyamaza. Ukimuuliza jambo, anakuuliza wewe unaonaje. Mgeni mmoja alimuuliza choo kiko wapi, naye kwa mazoea akamjibu, "Wewe unadhani kingefaa kuwa wapi?" Yule bwana akasema, "Mama, mimi sidhani kitu, nimebanwa!"

Alitufundisha kwamba kila mkutano uwe na mwenyekiti mwingine, na kila msemaji apewe dakika mbili, awe muuza matunda au meya. Hata padri alipangiwa zamu ya kuosha birika la kahawa. Aliliosha vibaya, na tukamwambia. Kipaza sauti yeye mwenyewe hakukishika hata siku moja. Wengine walidhani ni majivuno. Mimi aliniambia tulipokuwa jikoni tukifunga tamali, unga wa mahindi wenye nyama, kwenye maganda ya mahindi: "Dada yangu, mimi nikifa leo, hawa watu watakuja kaburini kuniuliza nani afungue ukumbi." Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake, na ndiyo iliyomchelewesha kustaafu.

Sasa niwakumbushe habari ya daraja, ingawa Don Chema Luévano ameomba nisiiandike.

Mnajua treni za mizigo zilivyokuwa. Treni inasimama katikati ya mtaa, inaziba njia, dereva haonekani, na watoto wetu wanapita chini ya mabehewa kwenda shule. Tulikuwa tukisali rozari kila asubuhi huku tumefumba macho, si kwa ibada bali tusiwaone. Tulitaka daraja la waenda kwa miguu, na kura iliyopungua kwenye baraza la jiji ilikuwa moja tu, ya diwani Pruitt. Tukamwalika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa Rosaura Pequeño, anayetandika vitanda hotelini, mara yake ya kwanza, anatetemeka kama maji ya sufuria. Mtunza muda alikuwa Don Chema, fundi matairi, na saa yake ya jikoni yenye umbo la jogoo, ambayo muda ukiisha huwika.

Diwani akasimama. Akamsifu bibi yake. Akazisifu tamali. Akawasifu watakatifu watatu, mmoja si wa kanisa letu. Ndipo akaweka mkono kifuani: "Na kuhusu hili daraja, ndugu zangu, mbele ya Mungu nasema wazi kwamba kura yangu..."

Jogoo akawika.

"Muda, mheshimiwa," Don Chema akasema, na akamnyang'anya kipaza sauti. Ukumbi mzima tukapiga makofi, kwa mazoea. Diwani akavaa kofia yake na kutoka. Ndipo tukatazamana.

"Chema! Alikuwa anasema ndiyo!"

"Au hapana. Sheria tuliipigia kura wote, msinitolee macho mimi."

Vichwa vyote vikageuka nyuma, kwa Doña Herlinda. Naye, ili asishawishike kusema, akajaza mdomo tamali nzima, na kwa haraka hakukumbuka kuimenya. Akabaki anatafuna ganda, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa: mimi simo.

Basi Rosaura akaacha kutetemeka. Mimi nasema ni Roho Mtakatifu. Yeye anasema ni hasira. "Wanaotaka diwani aongezwe dakika moja, mikono juu!" Ikapanda yote, isipokuwa wa Don Chema. "Imepita. Twendeni tukamfuate."

Tukatoka wote, na Bwana si mchoyo: treni ilikuwa imesimama. Gari la diwani limekwama pale kabla ya reli, injini inanguruma, hana pa kwenda. Na mbele yake wasichana wa kwaya walikuwa wanarudi nyumbani kwa njia yao ya siku zote. Walisukuma kwanza gitaa kubwa chini ya behewa, kisha mmoja akalala kifudifudi na kulifuata, soksi nyeupe zikiwa za mwisho kuonekana. Diwani akashuka garini bila kofia.

"Huwa wanapita hivyo?"

"Kila siku, mheshimiwa," Rosaura akamjibu. "Una dakika moja. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo! Mtoeni mtoto yule!"

"Bado una sekunde nyingi," Don Chema akamwambia kwa heshima, jogoo mkononi.

Daraja lipo, mnalipita. Usiku ule kando ya barabara tulifanya tathmini kama kawaida yetu, kila mtu neno moja. Rosaura, akiziwaza zile soksi nyeupe, alisema, "Miguu." Doña Herlinda, koo likiwa bado na ganda, alisema, "Maji."

Mwaka huu, mkutano wa Februari, alichelewa kwa sababu ya magoti. Alipofika, sala ya kufungua ilikuwa imekwisha, mjadala wa taa za barabarani umepamba moto, wala hakuna aliyegeuka. Mlangoni alikuwepo mama mgeni, aliyehamia kwetu kwa kuwa shule sasa inafikika kwa daraja. Akamshika mkono: "Karibu, mama. Ni mara yako ya kwanza? Usiogope. Hapa kila mtu ana kazi, wewe utatusaidia kukunja viti."

Doña Herlinda akakunja viti. Akavikunja vyote, bila kusema yeye ni nani. Kisha akaja jikoni, akaniambia, "Dada, sasa naweza kwenda."

Ahsante, Doña wetu, kwa kila jibu ulilotunyima. Mungu akupe kiti kizuri kibarazani kwako, magoti yenye amani na wajukuu wasiokuuliza kitu. Tunakutakia mapumziko mema. Funguo za ukumbi tunazo.