Mama Dolphine Akeyo, Mjane Aliyekataa Kurithiwa

Mama Dolphine Akeyo, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 17 Mei 2025 katika boma la mumewe hapa Masara, alizaliwa kisiwani Rusinga tarehe 3 Agosti 1968. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Cephas Oremo na Mama Susana. Uchungu ulimshika mama yake shambani, mtama ukivunwa, ndiyo sababu mtoto akaitwa Akeyo.

Shule ya msingi alisoma hukohuko Rusinga, kisha akapelekwa bweni Asumbi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987. Hesabu zilimshinda, wala hakuficha. Lakini kule alijifunza kushona na kuomba, na vyote viwili aliviendeleza mpaka vidole vilipoishiwa nguvu.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani na Caleb Ogweno, mchimba dhahabu. Mungu akawajalia Tony, Irine na Celestine. Mama aliweka cherehani barazani mwa duka sokoni, akawa anawashonea wachimbaji. Alipenda kusema kwamba suruali ya mchimbaji huanza kuisha magotini kama ya mtu wa sala, akawacheka wale ambao zao ziliisha nyuma.

Tarehe 22 Machi 2004 shimo la dhahabu lilimwangukia Caleb, akafa. Baada ya matanga, wazee walimjia Mama na desturi yetu ya Kijaluo: mjane arithiwe na shemeji yake, nyumba isafike na mkosi wa kifo. Wakamchagua Simeon, mdogo wake Caleb, naye akaja amevaa koti. Mama alimkaribisha chai, akamwambia akimtazama machoni, "Shemeji, nakuheshimu sana. Lakini niliapa mbele ya Mungu, na sikuapa kwako. Kunywa chai, urudi kwa mke wako."

Tusidanganyane siku kama ya leo. Aliteswa. Majirani waliacha kula kwake. Msimu wa kupanda ulipofika, aliambiwa asitangulie kutia mbegu ardhini, eti mjane asiyerithiwa huharibu mavuno ya wengine. Paa lilipotoboka, hakuna mwanamume wa ukoo aliyekubali kupanda juu, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya mrithi. Katekista wetu, Maxwell, alipomtembelea wakati wa mvua, alipewa beseni alishike mapajani, akaongoza sala huku maji yakimdondokea. Mama akamwambia, "Usifupishe, Katekista, bado halijajaa."

Mwaka 2006 malaria ikamchukua Celestine, mtoto wa miaka saba. Wuololo! Kabla kaburi halijakauka, watu walishasema ni chira, laana ya mwenye kuvunja mila. Walimwambia Mama usoni kwamba amemuua mwanawe kwa ukaidi. Mwaka mzima baada ya hapo hakuimba. Alikuja kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, akafunga mdomo, akarudi nyumbani. Irine alipomuuliza kama bado anaamini, alijibu, "Mwanangu, nimemshika Mungu kwa kidole kimoja tu. Lakini sijaachilia." Hatutasema kwamba alipona jeraha hilo. Hakupona. Aliimba tena, ila sauti yake ya zamani haikurudi.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa Homa Bay, akikaa kwa Irine. Maumivu aliyavumilia, lakini jambo moja lilimnyima usingizi. Alijua kwamba mjane aliyekufa bila kurithiwa huletewa mwanamume wa kukodiwa, alale kando yake nyumbani na kumrithi akiwa maiti, ndipo azikwe. Alimshika Tony mkono. "Baba, nimekataa miaka ishirini na moja. Nikinyamaza, wasije wakanishinda. Niahidi." Tony aliahidi huku akilia, maana hakujua kama angeweza. Mama alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi.

Jumanne ukoo ulikutana. Wazee wakasema mwili hautaingia nyumbani mpaka mtu huyo apatikane. Tony alikataa, wakamwambia yeye ni mtoto tu. Ndipo Simeon akasimama, mzee sasa, mwenye fimbo. "Mimi ndiye niliyekataliwa," alisema. "Aibu ilikuwa yangu, na niliibeba vibaya. Nilikuwa wa kwanza kusema chira mtoto alipokufa. Mama huyu alinikatalia akiwa na mdomo. Leo hana. Atakayemgusa ataanza na mimi." Alhamisi mwili ulipofika, Simeon mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, akavua kofia, akasema, "Pita, shemeji. Hakuna mtu ndani."

Mama ameacha watoto wawili, Tony na Irine, wajukuu wanne, dada yake Phanice wa Rusinga, na shemeji yake Simeon, aliyeomba jina lake lisomwe la mwisho. Ametanguliwa na Caleb na Celestine.

Apumzike kwa amani, Mama yetu. Hakuna atakayemuuliza tena habari ya kurithiwa.