Betri Iliyolala Ndani ya Boti

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Aliyemshauri aniombe hivyo hanijui. Nitajaribu, lakini mtu aliyetoka mbali hawezi kusimulia kana kwamba alitoka sokoni.

Wengi wenu mnanijua kama fundi wa umeme wa maboti, yule ambaye taa zake zinaonekana bandarini Kasenyi kabla jua halijachomoza. Ni kweli, ndiye mimi. Sijisifu, taa zinanisifu zenyewe. Lakini leo nimesimama hapa kwa sababu ya betri moja iliyoachwa mahali pake. Majina ya watu sitayataja. Wengine wameketi humu na wameshaanza kunikazia macho.

Mnakumbuka tulivyokimbia vita. Mimi niliteremka ziwani kwa miguu, nikavuka kwenda Uganda nimelala katikati ya mbuzi, bila viatu, bila karatasi hata moja. Kambini nikaanza kuchaji simu za watu kwa betri ya gari niliyokuwa nikiibeba kichwani. Nawaambia, shingo hii mnayoiona imebeba betri kuliko punda. Mchana nachaji, jioni nasoma umeme katika shule ya ufundi, nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna mfadhili aliyepiga picha nami. Nikapata diploma, ndugu zangu, diploma yenye muhuri! Mkuu wa shule aliponipa mkono, nilichelewa kumwachia.

Nikarudi Bunia bunduki zilipopunguza kelele. Nasema zilipopunguza. Amani ile mnaijua, amani ya kulala na viatu. Watu wanacheka sokoni, lakini jicho moja liko barabarani. Ikifika jioni, mwenye kinu anafungua mkanda wa mashine na kwenda nao nyumbani. Fundi cherehani anabeba kichwa cha cherehani, anaacha meza. Kinyozi anaondoka na kioo kwapani. Siye watu wa Ituri vita vilitufundisha kwamba kitu chako ni kile unachoweza kukimbia nacho. Hata mimi. Diploma yangu niliifunga katika mfuko wa plastiki, nikawa naivaa chini ya shati kila usiku, viatu vikiwa mguuni. Msinicheke. Nani humu ndani hakuwahi kulala na viatu? Ainue mkono. Mnaona?

Mke wangu alikuwa amebaki ng'ambo, Uganda, na watoto. Nikampigia simu nimwombe arudi. Akaniuliza, "Papa, unalalaka namna gani?" Nikamwambia ukweli, maana mke wangu hadanganyiki. Akasema, "Siwezi kuleta batoto kwa mwanaume anayelalaka na viatu. Siku utavivua, uniite." Akakata simu.

Basi nikawa na kazi moja duniani: kupata kazi ya kunikalisha mahali, mpaka nivue viatu.

Ndipo akaja mama mmoja, mfanyabiashara wa makayabo, wale samaki wa chumvi, ambaye familia yake ilihamia kwetu kutoka Butembo. Ana boti ndefu ya mbao yenye injini ya dizeli, inayochukua watu na mizigo kutoka Kasenyi kwenda bandari za kaskazini. Akaniambia, "Fundi, boti yangu inakunywaka maji. Banaume banachota na bidoni mupaka mikono inakufa. Unaweza kutia pampu ya umeme na mataa?"

Nikamjibu, "Mama, miye niko na diploma."

"Sikuuliza kama uko na diploma. Niliuliza kama unaweza."

Ndugu zangu, niliweza. Niliteremka ule mteremko wa Kasenyi na vyuma vyangu nikaifanya kazi ile kama inavyofundishwa. Ubavuni mwa injini nikafunga alteneta, kile chombo kinachozungushwa na mkanda na kuzaa umeme. Nikaunyoosha mkanda mpaka ukawa sawasawa, maana mkanda uliopinda unajila wenyewe. Nikajenga sanduku la mbao ngumu la kuwekea betri, likakaa chini katikati ya boti ili uzito usivute upande mmoja, lenye matundu ya kupumulia na kamba za kulikaza mawimbi yakija. Nikavuta nyaya nene, nikazipitisha juu ya mahali maji yanapolala, na karibu na betri nikaweka fyuzi. Injini ikiunguruma, alteneta inaishibisha betri. Injini ikilala, betri inaendesha pampu na taa. Tulipoiwasha mara ya kwanza wanawake wa bandari walipiga vigelegele, na pampu ikatema maji ziwani kama mtoto anayetema dawa. Mimi nilisimama kifua mbele. Baharia wa boti ile, mwanaume mwenye shingo nene kama ya ng'ombe dume, akanipa jina palepale: Bwana Diplome. Nililipenda. Sikujua litanigeukia.

Nikampigia mke wangu: "Anza kufunga vitu."

Wiki haikuisha. Alteneta ikaungua. Nilipoifungua nikakuta vile vijiwe vya ndani, diodi, vinavyoachia umeme uende upande mmoja tu, vimekaangwa. Nikasema nimeuziwa kitu kibovu. Nikaweka nyingine kutoka duka lingine. Nayo ikaungua, diodi zilezile. Nikabadilisha nyaya, nikahamisha fyuzi, nikafunika alteneta isirushiwe maji. Nikaweka ya tatu.

Ile ya tatu ilikufa bila mtu kujua. Betri ikaendelea kufanya kazi peke yake mpaka ikaisha nguvu, na pampu ikanyamaza katikati ya ziwa, siku ya soko, boti imejaa akina mama, watoto na magunia ya mihogo. Na kwa kuwa walikuwa na pampu, zile bidoni, madumu ya kuchotea maji, walikuwa wameziacha nyumbani. Walichota kwa sufuria, walichota kwa vitambaa vya kichwani walivyovikunja kama bakuli. Wote walifika salama, nasema asante Mungu. Lakini waliteremka wakiwa wamelowa mpaka kiunoni, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni.

Baharia akapaza sauti, bandari nzima isikie: "Bwana Diplome! Ile diplome yako inajua kuogelea? Siye nusura tuifundishe!"

Mwanamke mmoja akakamua kitenge chake miguuni pangu, polepole, huku akiniangalia usoni. Afadhali angenitukana.

Mama mwenye boti aliniita pembeni. Hakunipigia kelele, naye hiyo ndiyo hasira yake. "Fundi, batu banalia kwangu, habalii kwako. Nakupatia safari moja. Ikikufa tena, utoe vyuma vyako vyote, nitarudilia bidoni."

Jioni ile nikampigia mke wangu. Nikamwambia, "Fungua vitu." Hakuuliza sababu. Nikasikia watoto nyuma yake wakiimba, maana walishaambiwa wanarudi kwao. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Siyo vitani. Vitani nilikimbia tu. Hapo nilianguka nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Asubuhi nikaomba. Sala yangu ilikuwa fupi, hata mchungaji angefurahi. "Bwana, nionyeshe, maana vitabu nimevimaliza."

Nikaweka alteneta ya nne. Nikaingia ndani ya boti na kipimo cha umeme mkononi, nikaketi kando ya injini, nikaapa sitaondoa jicho mpaka boti iende na kurudi. Kwenda, kila kitu sawa. Umeme unakuja kama maziwa ya ng'ombe aliyeshiba, wala haupandi wala haushuki. Kurudi, sawa. Baharia alinipita akasema, "Unaangalia hiyo kitu kama mutu anaangalia bibi ya mwenzake." Tukauona ukingo wa Kasenyi. Nikaanza kuhuzunika kwamba hakuna kosa, maana kosa lisiloonekana haliponyeki.

Ndipo baharia akapiga goti, akafungua sanduku langu, akakamata koleo na kuanza kulegeza nyaya za betri. Injini bado inaunguruma! Kabla sijafungua mdomo, waya umetoka. Sindano ya kipimo ikaruka mpaka mwisho. Taa ya mbele ikawaka nyeupe, ikapasuka. Nikasikia harufu ile ninayoijua, ya diodi zinazokaangwa. Na yeye, bila habari, betri iko begani, mguu mmoja uko juu ya ubao wa mbele, anangoja boti iguse mchanga aruke.

Nilipiga kelele mpaka kapiteni, aliyeshika usukani nyuma, akazima injini. Nikamgeukia baharia: "Unafanya nini?"

"Napeleka batri kunyumba. Nafanyaka vile kila siku."

"Injini ikiwa inatembea?"

"Sasa ningoje nini? Siku ile batu ba bunduki balikuja, balituvizia palepale." Akaonyesha mchanga kwa kidevu. "Tulikuwa tunafunga kamba polepole, kama batu ba amani. Balichukua injini, balichukua kila kitu. Tangu ile siku boti haifikake ku mchanga na kitu ndani. Miye nafika na kitu changu ku bega."

Ndugu zangu, mimi niliyesoma nawaambia: umeme unaotoka katika alteneta unaitafuta betri kama mto unavyolitafuta ziwa. Ukiiondoa betri ghafla, umeme unakosa pa kwenda, unarudi kumchoma mama aliyeuzaa. Kila shule ya ufundi inafundisha kwamba usitoe betri injini ikitembea. Lakini hakuna shule niliyoisikia inayofundisha kwamba kuna nchi ambako mtu anatoa betri kabla ya kufika, ili aweze kukimbia. Hilo ni somo la kwetu. Na nani angelitambua? Mgeni angelitambua? Nililitambua mimi, kwa sababu wakati baharia anasema, ule mfuko wa plastiki wenye diploma ulikuwa unanikwaruza tumboni.

Ningeweza kumkataza. Mama angemkataza pia, naye baharia angeitikia ndiyo, na kesho angefanya vilevile. Mtu huwezi kumkataza woga wake. Nikamweleza mama tulichokiona, akakubali kungoja; nikachukua vipimo, nikapanda Bunia, nikarudi na chuma na diodi mpya za alteneta.

Hiki ndicho nilichokifanya, na maboti mengine yameshaniiga. Injini ya dizeli inazimwa kwa kuvuta waya mmoja unaokata mafuta. Mimi nikaweka juu ya sanduku la betri kipande cha chuma kinachofunga kifuniko, nikakiunga na waya uleule. Ukitaka kufungua sanduku lazima ukivute, na ukikivuta, injini inazimika kwanza. Halafu zile nyaya nikazifungia skurubu zenye masikio, zinazofunguliwa kwa vidole, bila koleo. Nikamwambia baharia, "Sikukatazi kukimbia. Nimekutengenezea namna ya kukimbia haraka kuliko zamani. Ila injini inyamaze kwanza."

Akazunguka sanduku kama mtu anayenunua mbuzi. "Na tukizima mbali na ukingo, nani atasukuma?"

"Kasia haziko?"

"Ziko." Akavuta chuma, injini ikanyamaza. Akafungua, akanyanyua betri, akairudisha, akarudia tena. Halafu akacheka. "Bwana Diplome, weye pia unaogopaka, eh? Mutu asiyeogopa hawezi kuwaza hii kitu."

Sikukana.

Alteneta ile haikuungua tena. Mama alinipa kazi ya boti yake ya pili, akawaambia wenzake wa bandari, na wenzake wakaanza kunitafuta. Mnajua mengine, taa mnaziona. Lakini sijafika kwenye ushuhuda wenyewe. Vumilieni kidogo.

Asubuhi moja niliteremka Kasenyi mapema kukaza mkanda wa boti ile. Ilikuwa imefungwa ukingoni, tupu, hakuna mtu. Nikavuta chuma, nikafungua sanduku. Betri imo ndani, imekaa mahali pake, nyaya zake zote zimefungwa. Nikashtuka. Nikafikiri baharia amepatwa na jambo. Nikakimbia mpaka kwake, nikamkuta uani anapiga mswaki.

"Batri iko ndani ya boti!"

Akaacha kupiga mswaki. Akaangalia kona ya ukuta alipokuwa akiiweka kila jioni. "Kweli," akasema. "Nilisahau."

"Ulisahau namna gani?"

Akafikiri sana, mswaki ukiwa shavuni. "Nilikula, nikalala."

Ndugu zangu, tulisimama pale wanaume wawili wazima, tunaiangalia ile kona tupu. Huyu ambaye tangu siku ile ya mchanga hakuwahi kufika nyumbani mikono mitupu, alikuwa amekula, akalala. Mkewe akatoka akatutazama, akauliza nani amekufa. Tukamwambia hakuna aliyekufa.

Nilirudi Bunia, nikatoa diploma katika mfuko wa plastiki, nikapigilia msumari ukutani na kuitundika. Usiku ule nilivua viatu. Asubuhi nikampigia mke wangu. Akauliza swali lake lilelile: "Papa, unalalaka namna gani?" Nikamjibu, "Miguu mitupu." Nikamsikia akiwaita watoto.

Yule pale, benchi la akina mama, anayejifanya haoni watu wanageuka. Mama watoto, asante kwa kunikatia simu ile ya kwanza. Mama mwenye boti, asante kwa safari moja uliyonipatia. Na wewe mwenye shingo nene, uliyekaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yako, asante kwa kusahau.

Neno langu kwenu ni hili. Ukitaka kuwasaidia watu waliotoka vitani, kwanza angalia wanachobeba begani jioni. Usikicheke, wala usiwanyang'anye. Watengenezee njia ya kukibeba vizuri, mpaka siku watakapokisahau wenyewe.

Mchungaji, nimemaliza, na nilisema kwa kifupi. Atakayepita kwangu jioni hii ataona viatu vyangu nje ya mlango. Ni vyangu kweli. Tafadhali asiviingize ndani.