Sahihisho la Ukurasa wa Tatu

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Bibi alitusimulia kwamba alichelewa kusema mpaka watu wakaanza kunong'ona, na alipoanza, hakunyamaza tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1960. Hesabu zilimpiga chenga kila muhula, lakini insha zake mwalimu alizisoma mbele ya darasa.

Januari 1963 aliajiriwa na gazeti, kazi yake kuandika maelezo ya picha. Enzi hizo ukurasa wa tatu haukukosa picha ya msichana, na mhariri alikuwa na sheria moja: neno lisirudiwe katika wiki. Basi baba akawa na daftari jekundu alimoyapangia maneno zamu: Jumatatu banati, Jumanne kimwana, Jumatano kidosho, Alhamisi mlimbwende, Ijumaa kisura, Jumamosi kipusa. Kazini walimwita Kamusi, naye akavimba kichwa. Msichana ni nani, anafanya nini, hakuuliza.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 1968, ilitoka picha ya muuguzi akiwa na cheti mkononi. Baba aliandika: "Kipusa huyu alinaswa na kamera yetu akitabasamu." Jumatatu asubuhi kipusa mwenyewe alisimama mbele ya meza yake, na sare ya kazi, gazeti kwapani. Alimweleza kwamba ndiye aliyeongoza mtihani wa uuguzi, wanaume kwa wanawake. Baba yake alikuwa amenunua nakala sita awagawie majirani wajue mwanawe kasoma, akaishia kuzificha chini ya godoro. Baba aliomba radhi, akaahidi sahihisho. Mhariri alikataa katakata, akasema gazeti halisahihishi sifa.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alikwenda kwa yule mzee, baba wa muuguzi, kuomba radhi, akaenda tena, na mara ya tatu mzee akamuuliza kama bado ni habari za gazeti. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Desemba 1970, kwa sharti moja la mama: neno lile lisikanyage nyumbani mwake. Halikukanyaga. Siku mdogo wangu alipolitamka mezani, baba aliinamia sahani yake kama mtu aliyefumaniwa.

Tangu hapo hakuandika chini ya picha bila kwanza kuuliza mtu anafanya kazi gani. Mpaka anastaafu mwaka 1996, wahariri wanne walipita. Wote aliwaomba lile sahihisho, na wote walicheka.

Tarehe 3 Machi 2019 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea usemi. Kamusi, jamani, bila hata neno moja. Mama alimhudumia kwa mikono yake. Jioni moja, akimpangusa kidevu, nilimsikia akimwambia, "Miaka yote hii nimekukataza. Leo nimekuruhusu, niite." Baba alijaribu mpaka jasho likamtoka. Neno halikuja. Mama akaenda jikoni, akafungua bomba maji yatiririke, ili tusimsikie akilia.

Alifariki tarehe 9 Juni 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Katika daftari jekundu tulikuta sahihisho, kwa mwandiko wake: "Msichana aliyetokea ukurasa wa tatu tarehe 5 Oktoba 1968 ni muuguzi aliyeongoza mtihani wa mwaka huo. Tunaomba radhi kwake na kwa baba yake." Tumelichapa nyuma ya ratiba hii ya mazishi, pamoja na picha ile. Kabla ya kulipeleka kwa mpiga chapa, nilimwonyesha mama. Alilisoma mara mbili, akaomba kalamu, akalikata neno la kwanza na juu yake akaandika "Kipusa".

"Liache hivyo," aliniambia. "Nani mwingine amebaki wa kuniita?"

Baba ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na kipusa wake. Alale salama; sahihisho limetoka.